Shangazi, Meza Yetu ya Jikoni Ni Shule?

Shikamoo Shangazi,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu: binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 7 na kitinda mimba wa miaka 4. Tunaishi Rogers Park, kaskazini mwa Chicago, mwaka wa sita sasa. Mume wangu ni mtu wa Voi, mimi wa Mombasa. Yeye anaendesha lori, mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, siku nne kwa wiki.

Mwaka jana tulimtoa mvulana wetu shuleni. Sitaeleza yote. Itoshe kusema kila Jumapili jioni alikuwa analia, na tuliambiwa ni mzito wa kushika, ilhali nyumbani anauliza maswali mpaka nachoka. Dada yake alipoona mwenzake amebaki, naye akaomba abaki, tukaamua wote wasomee nyumbani. Hisabati na kusoma tunajimudu. Sayansi ndiyo inanitoa jasho. Fizikia niliiacha kidato cha pili na sikuangalia nyuma.

Kwa hiyo mwezi wa tatu niliwapeleka Griffin Museum of Science and Industry, lile jumba kubwa la Jackson Park. Nilitoka zamu saa moja asubuhi, nikajilaza kidogo, nikawapakia kwenye gari. Nililipa kiingilio bei kamili na maegesho juu yake. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi vitu vya kuona: nyambizi ya Wajerumani, mgodi wa makaa ya mawe, kimbunga cha mvuke, ndege. Shangazi, hatukuona hata nusu. Mvulana alifika kwenye mashine ya kioo ya kutotoleshea vifaranga akaganda hapo. Kulikuwa na yai moja lina ufa mdogo. Alibandika paji la uso kwenye kioo na hakubanduka kwa zaidi ya saa nzima. Dada yake ananung'unika, mdogo anataka choo, mimi natazama saa na kuhesabu pesa niliyolipa. Mwisho nikamvuta mkono, akalia mbele za watu, tukaondoka.

Kwenye gari akaniuliza, "Mama, yule kifaranga alikuwa anapumuaje kabla hajatoboa?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia anyamaze, naendesha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jioni mume wangu alipoiona risiti alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Hela yote hiyo kutazama yai? Kwa mama Voi kuna mayai." Hakusema kwa ubaya, lakini lilinichoma.

Halafu mwezi wa sita tulikwenda harusini jimbo jingine, tukapita kwenye jumba la sayansi la mji ule. Kibao kilisema kuna punguzo kwa walimu na kwa familia zinazosomesha nyumbani. Nikamwambia mtu wa kaunta kwamba sisi ni hao. Akaniomba kitambulisho cha shule. Sina. Akauliza, "Shule yenu inaitwaje?" Nikakosa la kusema. Foleni imejaa nyuma yangu. Nikalipa bei kamili na uso umenishuka kama niliyeshikwa akiiba.

La mwisho. Tangu mume wangu apunguziwe saa za kazi tunapata kadi ya Link ya chakula. Jirani yangu Mkongomani anasema kadi hiyo inashusha kiingilio cha makumbusho mpaka dola chache. Mume wangu hataki kusikia. Anasema kadi ni ya chakula, hatuendi kuombaomba ili watoto wakatembee. Na mama mkwe, kila Jumapili akipiga simu, swali la kwanza ni, "Wajukuu wangu wamerudi shule?"

Nisaidie, Shangazi. Je, nina haki ya kuomba hayo mapunguzo? Na je, inafaa hata kwenda tena, au nimepoteza pesa na muda?

Mama wa Watatu, Chicago

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale penye yai. Nilifundisha biolojia sekondari miaka mingi kabla sijaja huku, na nakuambia kwa moyo wote: mtoto aliyekaa saa nzima mbele ya yai moja bila kuambiwa akae, huyo si mzito wa kushika. Kuna walimu hukaa darasani mwaka mzima wasimpate mwanafunzi wa namna hiyo.

Swali lake acha tulijibu kwanza, kwa sababu bado anasubiri. Yai hukaa siku 21 mpaka kifaranga kutoka. Kwa muda mwingi wa siku hizo hapumui kwa mapafu. Ganda lina vitundu vidogo maelfu, visivyoonekana kwa macho. Chini ya ganda kuna utando uliojaa mishipa ya damu, nao huvuta oksijeni kupitia vitundu hivyo na kutoa hewa chafu. Upande butu wa yai kuna mfuko wa hewa. Zikibaki siku moja au mbili, kifaranga hutoboa utando wa mfuko huo kwa mdomo na kuvuta pumzi yake ya kwanza kabisa, angali ndani ya ganda. Ndiyo maana mama yako na mama mkwe wako wanajua kwamba yai linalokaribia kuanguliwa, ukilitega sikio, unasikia mlio. Kisha analigonga ganda kwa jino la yai, kichongo kigumu juu ya mdomo ambacho hudondoka baada ya siku chache. Akishapata ufa anapumzika. Anaweza kupumzika nusu siku, hata zaidi. Mwanao aliona ufa na hakuona kitu kinatokea, lakini kitu kilikuwa kinatokea.

Leo jioni chukua yai bichi, liweke kwenye bakuli la maji ya moto yasiyochemka. Mwache atazame upande butu. Atahesabu vipovu vya hewa vikitoka mahali ambapo hakuna tundu analoliona. Halafu zima taa, libandike yai lingine juu ya tochi ya simu, atauona ule mfuko wa hewa kama mwezi mwandamo. Mwambie, "Lile swali lako la kwenye gari, nilikwenda kulitafutia jibu." Usisahau maneno hayo. Atayakumbuka kuliko yai lenyewe.

Sasa nikugombeze kidogo, kwa mapenzi. Ulitoka zamu ya usiku, ukajilaza kidogo, ukaendesha gari na watoto watatu kutoka Rogers Park mpaka Jackson Park, mji mzima. Usirudie. Sehemu kubwa ya machozi ya siku ile ilikuwa usingizi wako. Mama aliyelala angeweza kukaa chini sakafuni kando ya mwanawe. Chagua siku inayofuata usiku ambao hukufanya kazi. Ukiweza kupanda treni ya Red Line mpaka katikati ya mji kisha basi namba 6, pesa ya maegesho inabaki mfukoni. Na wala usiende asubuhi. Siku za shule, asubuhi kumbi zinajaa watoto walioletwa na mabasi ya manjano, na mabasi hayo huanza kuondoka mchana. Kuanzia saa saba hivi kunatulia, nanyi wa shule ya nyumbani hamna kengele ya kuwawahisha. Ingieni saa saba, tokeni saa tisa. Saa mbili zinatosha.

Najua unajiuliza: saa mbili tu kwa pesa yote hiyo? Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Mtu aliyelipa bei kamili hawezi kumwacha mtoto atazame yai. Kila dakika ina bei, kwa hiyo anakimbia na karatasi yake kutoka nyambizi hadi mgodi ili pesa irudi. Mtu aliyeingia kwa dola 3 anaweza kukaa. Anaweza kurudi wiki ijayo. Nyambizi ile, U-505, ilikamatwa baharini mwaka 1944 na imekuwa pale Chicago tangu 1954. Haitaondoka kabla ya mwezi ujao. Mapunguzo haya unayoyaonea haya ndiyo yanayoligeuza jumba la makumbusho kutoka mahali pa kutembea mara moja kwa mwaka liwe darasa.

Jirani yako Mkongomani amesema kweli. Mpango huo unaitwa Museums for All. Ulianzishwa mwaka 2014 na Institute of Museum and Library Services, idara ya serikali kuu ya Marekani, na unaendeshwa na Association of Children's Museums. Majumba zaidi ya 1,000 nchini yamo. Unaonyesha kadi ya msaada wa chakula, ambayo kwenu Illinois ni Link, pamoja na kitambulisho chenye picha, na kiingilio kinakuwa bure au kisichozidi dola 3 kwa mtu, hadi watu wanne kwa kadi moja. Wewe na watoto watatu mko wanne kamili. Dola 12, zikizidi sana. Na haihitaji siku maalumu. Ni siku yoyote ambayo jumba limefunguliwa kwa kawaida. Tafuta kwenye tovuti ya mpango huo kwa jina la mji wako uone ni yapi yaliyomo, kisha soma ukurasa wa tiketi wa jumba lenyewe, maana mengine hutaka uweke nafasi mapema na mengine hukubali pia kadi ya WIC, ule msaada wa lishe kwa akina mama na watoto wadogo.

Mume wako mwambie hivi, na umwambie akiwa ameshiba na amepumzika, si kwenye simu akiwa barabarani. Kadi hiyo haikatwi kitu. Inaonyeshwa tu. Salio la unga na mafuta linabaki vile vile. Na jingine ambalo yeye kama mlipa kodi atalielewa: kila mwezi mnalipa pango, na mwenye nyumba wenu analipa kodi ya mali kutokana na pango hilo. Sehemu ya kodi za namna hiyo huenda kwa Chicago Park District, mamlaka ya bustani za umma za mji, nayo huyasaidia majumba yaliyojengwa kwenye viwanja vyake, likiwamo hilo la Jackson Park. Kwa hiyo mumeo tayari amechangia taa zinazolimulika lile yai. Hataingia pale kama mwombaji. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeona familia nyingi za kwetu huku zikificha hali zao mpaka watoto wanakosa vitu vilivyowekwa kwa ajili yao. Mheshimu mumeo katika hili, kwa sababu uchungu wake ni wa mwanamume anayetaka kulisha nyumba yake kwa jasho lake. Lakini usikubaliane naye.

Sasa lile la kaunta. "Shule yenu inaitwaje?"

Mwanangu, ngoja nikupe jibu ambalo hakuna wa kukunyang'anya. Zamani Illinois kulikuwa na familia ya Waadventista iliyokuwa inamsomesha binti yao wa darasa la tatu nyumbani. Wakashitakiwa, wakatiwa hatiani kwamba hawampeleki mtoto shule. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 1950 mahakama ikawapa haki wazazi. Ilisema kwamba shule ni mahali watoto wanapofundishwa, na kwamba idadi ya wanaofundishwa haiamui kama mahali pale ni shule au si shule. Kesi inajulikana kama People dhidi ya Levisen. Tangu hapo, nyumba inayosomesha watoto kwa dhati Illinois inahesabiwa kuwa shule ya binafsi. Mnachodaiwa ni kufundisha kwa Kiingereza masomo yale yale ya msingi: lugha, hisabati, sayansi ya viumbe na ya maumbile, masomo ya jamii, sanaa, na afya na viungo. Kiswahili ongezeni juu yake, tafadhali, msikiache.

Kwa hiyo ndiyo, meza yenu ya jikoni ni shule, na wewe ni mwalimu wake. Kaeni watoto na wazazi mchague jina. Waachie watoto neno la mwisho. Kisha tengeneza kitambulisho: jina la shule, jina lako, neno mwalimu, mwaka wa masomo, picha yako. Kichapishe maktaba, kipitishe kwenye plastiki. Huku si kughushi, maana kila neno lililoandikwa pale ni kweli. Wapo wanaobeba pia kadi ya kikundi chao cha familia zinazosomesha nyumbani, au nakala ya barua waliyoiandikia ofisi ya elimu, na kwenye majimbo yanayodai taarifa rasmi barua hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi. Kila jumba lina utaratibu wake. Kwa hiyo kabla ya safari piga simu, uliza maneno haya haya: "Punguzo la familia za shule ya nyumbani linahitaji karatasi gani?" Andika jina la aliyekujibu. Yule wa kaunta aliyekuuliza jina la shule inawezekana hakukusudia kukudhalilisha. Alikuwa anajaza kisanduku kwenye kompyuta. Safari nyingine utakuwa na la kumjazia.

Kitu kingine ambacho nadhani hukukijua, na ambacho kitamfaa sana binti yako, ni siku maalumu za wanafunzi wa nyumbani. Kwenye tovuti za makumbusho tafuta maneno Homeschool Days. Majumba mengi ya sayansi Marekani huziweka katikati ya wiki, kipindi cha shule, kwa bei ya chini. Ndani yake kuna vipindi vya maabara kwa rika: wadogo wanachanganya vimiminika na kupima, wakubwa wanaunda saketi za umeme au wanapasua jicho la ng'ombe. Usishituke. Binti wa miaka 11 akishashika lenzi ya jicho la ng'ombe mkononi, akaiweka juu ya gazeti na kuona herufi zinavimba, hutamfundisha tena mwanga unavyopinda. Nafasi za maabara ni chache na hulipiwa kando, kwa hiyo jiandikishe kwenye barua pepe za jumba ili ujue tarehe mapema. Nakuomba safari hiyo iwe yake. Kwenye barua yako binti ananung'unika tu. Yeye naye ana lake analotaka kulitazama saa nzima, ila hajapewa nafasi ya kusema ni lipi.

Halafu jirani. Rogers Park na West Ridge zimejaa familia zinazosema Kiswahili, za Wakongomani na za kwetu. Hata kama ni wachache wanaosomesha nyumbani, mkiwa familia nne au tano mnaweza kuomba nafasi kama kundi la shule. Bei ya makundi ya shule huwa chini kuliko ya familia, na mahali pengine shule za jimbo huingia bure zikijiandikisha kabla. Kila jumba limeweka idadi ya chini ya wanafunzi na idadi ya watu wazima wa kuwasimamia, kwa hiyo mmoja wenu mwenye subira ya fomu achukue jukumu hilo. Wewe si lazima uwe huyo. Una zamu za usiku.

Kuna pia maktaba. Kwa kadi ya Chicago Public Library unaweza kuazima pasi ya makumbusho kama unavyoazima kitabu, ikaingiza familia kwenye majumba kadhaa ya mji, mradi mtoto awepo. Pasi ni chache na huwahiwa, kwa hiyo jaribu siku za kawaida, si wiki ya likizo. Na sheria ya jimbo inayadai makumbusho yaliyo kwenye viwanja vya bustani za umma yatoe siku 52 za bure kila mwaka. Hizo tumia kwa uangalifu. Unahitaji uthibitisho kwamba unaishi Illinois na mara nyingi tiketi ya kukata mtandaoni, na watu ni wengi mno. Kwa mvulana wako anayependa kukaa na kitu kimoja kwa utulivu, siku ya dola 3 yenye kumbi tupu ina thamani kuliko siku ya bure yenye msongamano. Hapo ningelipa.

Uanachama wa mwaka usiununue sasa. Watu watakusifia uanachama huo, na kwa familia inayolipa bei kamili ni kweli kwamba mara nyingi ziara ya pili au ya tatu tayari imeurudisha. Lakini wewe kwa Museums for All utakwenda mara kumi kabla hujafikia bei yake. Siku saa za mumeo zikirudi na Link ikakoma, ufikirie upya. Na ukiununua, uliza kabla ya kulipa kama una pasi ya ASTC, umoja wa vituo vya sayansi. Wanachama wa majumba yaliyomo huingia bure kwenye mengine mamia, isipokuwa yale yaliyo ndani ya maili 90, kwa mstari ulionyooka, kutoka jumba lenu au kutoka nyumbani kwenu. Milwaukee imo ndani ya duara hilo, haitawasaidia. Indianapolis iko nje. Kwa familia ya dereva wa lori inayokwenda harusi majimbo mengine, hiyo ni pasi ya maana, ila haigusi maonyesho maalumu wala sinema za sayansi. Mkipita St. Louis msitoe hata kadi: St. Louis Science Center haina kiingilio cha kawaida.

Nimemwacha mama mkwe mwisho kwa sababu yeye ndiye ninayemfikiria zaidi. Mwanangu, usimwone kama anakusumbua. Kwa mwanamke wa Voi wa rika lake, mjukuu ambaye saa moja asubuhi hajavaa sare ni mjukuu aliyeachwa. Anaogopa. Maelezo ya mahakama ya mwaka 1950 hayatamtuliza. Atatulizwa na wajukuu wenyewe.

Kwenye Field Museum, hapo hapo Chicago, kuna simba wawili wa Tsavo. Ndio wale wale waliosimamisha ujenzi wa reli kwenye mto Tsavo mwaka 1898, wakiwala wajenzi, mpaka Patterson, mhandisi wa ujenzi huo, alipowaua mwezi wa Desemba. Ngozi zao alizitandika sakafuni nyumbani kwake kama mazulia kwa robo karne, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba hilo kwa dola 5,000. Ni madume, lakini hawana manyoya ya shingoni, na watoto wako wataliona hilo kabla hujawaambia. Waulize kwa nini, usiwape jibu. Patterson alidai waliua watu 135. Wanasayansi walipopima kemikali kwenye mifupa na manyoya yao, walikadiria mwaka 2009 kwamba waliokuliwa walikuwa kama 35. Na mwaka 2024 wengine walichokonoa vipande vya nywele vilivyonasa kwenye meno yaliyovunjika ya simba hao, wakapima vinasaba, wakakuta nywele za binadamu, twiga, pundamilia, nyumbu, choroa na kuro. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, jino bado lina habari za chakula walichokula. Binti wa miaka 11 anaweza kujaza daftari zima kwa jambo hilo moja: unajuaje alichokula mnyama aliyekufa kabla bibi yako hajazaliwa?

Field nalo hutoa siku za bure kwa wakaazi wa Illinois, kwa hiyo tazama kalenda yake. Siku hiyo mume wako aje kama hana safari. Huyo ni mtu wa Voi. Reli ile imepita kwao, na Tsavo si mbali. Yeye ndiye mwalimu wa siku hiyo, wewe kaa kwenye benchi upumzike.

Nendeni asubuhi, mara hii tu, kwa sababu ya saa za nyumbani. Saa tano asubuhi Chicago ni saa moja jioni Voi, au saa mbili usiku majira ya baridi. Mpigieni bibi kwa video mkiwa mmesimama mbele ya kioo, si baada ya kurudi nyumbani. Binti amwonyeshe simba na kumweleza kwa Kiswahili habari ya zile nywele kwenye meno, kisha amuulize wazee wa Voi walikuwa wanasimulia nini kuhusu simba hao. Mvulana mpe simu afuate. Nadhani atataka kumuuliza bibi kuhusu kuku wake, anajuaje siku ya yai kuanguliwa, na kama yeye amewahi kuusikia ule mlio.

Shangazi